Mama Mwenye Macho ya Vifungo

Ukitaka kujua kama filamu ya kutisha inamfaa mtoto, usianze kwa kuhesabu damu. Coraline haina damu ya kuhesabu. Ni vikaragosi tu, vilivyosogezwa kidogo kidogo kwa mkono na kupigwa picha moja moja, Henry Selick akiongoza, mwaka wa 2009. Na bado nawajua wasee wazima, wanaolipa kodi ya nyumba, ambao hawataki kuiona tena.

Alama za umri nazo hazikusaidii sana. Hapa Kenya tuna GE ya kila mtu, tuna PG ya mtoto aliye na mzazi karibu, halafu unaruka moja kwa moja hadi 16. Kwenye huo mwanya ndiko anakoishi mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja: katuni za wadogo zinamchosha, zetu za usiku bado hazimhusu. Marekani waliziba pengo kama hilo 1984 kwa kuweka PG-13, lakini Coraline wakaipa PG. Yaani mzazi, jipange.

Sasa mzazi ni nani? Dada yangu anafanya kazi Saudia. Msichana wake anaishi na mimi, na mamake humwona kwa simu jioni, mtandao ukikubali. Kwa hivyo uamuzi ulikuwa wangu. Wenzake walikuwa wameshamsimulia nusu ya filamu, naye alikuwa ameniomba mara tatu. Nikaitazama kwanza peke yangu.

Coraline, rika lake kabisa, amehamia nyumba kuukuu. Wazazi wako bize na kompyuta, hawainui macho. Anapata kamlango ukutani, na upande wa pili kuna Mama Mwingine: anapika vizuri, anacheka, ana muda. Macho yake tu ndiyo vifungo. Ukitaka kubaki kwake, nawe ushonwe vifungo.

Sindano haikunitisha sana. Kilichonikosesha usingizi ni kile chakula kitamu. Mtoto aliye mbali na mamake angeona nini hapo? Na mwanamke anayempikia nyumbani kwetu ni mimi. Yeye huniita anti kama watoto wote wa Nairobi, lakini shosho wake husema mimi ni mama mdogo. Kwa Kiswahili kuwa na mama mwingine si jambo la kuogopesha. Una mama mkubwa, una mama mdogo, na wote wana haki ya kukutuma dukani. Je, filamu hii ingeniharibia jina?

Nikajiuliza maswali mawili. Mtoto wa ndani ya filamu ana nguvu yoyote, ama anakimbizwa tu? Coraline anatumia akili, anatafuta macho ya watoto waliopotea, anamshinda yule mama kwa mchezo. Pili, mwisho wake unadanganya? Wazazi wanarudi wakiwa walewale wenye kazi nyingi, na glavu alizokuwa akizitaka anazipata hatimaye. Hapo nikaridhika.

Tukaitazama Jumamosi asubuhi, pazia wazi, chai mezani. Sindano ilipotokea hakufumba macho. Baadaye ndipo alisimamisha filamu, akaniuliza, "Anti, huyu anampenda ama anamtaka tu?"

"Wewe unaonaje?"

"Anamtaka. Angempenda, angemwachia macho yake."

Jioni mamake alipopiga, alimsimulia yote, kisha akamwambia asogeze simu karibu. Karibu zaidi. Dada yangu akacheka, akafungua macho makubwa hadi yakajaa skrini. Mtoto akayaangalia kwa muda, akasema sawa, wakaendelea na habari za shule.

Siku mbili alilala taa ikiwaka. Stima niliilipa bila kunung'unika. Watoto hawa hadithi za jini mwenye kwato wanapeana wenyewe ndani ya basi la shule, na huko hakuna wa kumuuliza swali. Jirani yangu aliponiuliza kama amwonyeshe kijana wake wa miaka saba, nilimwambia asubiri: huyo bado anaogopa hata mdoli wa dadake. Na siku akiwa tayari, asimpe tablet aende nayo chumbani. Kaa naye kwenye kiti. Hiyo PG ilikuwa inakuambia wewe.