Shingo ya gita la kwaya

Mbao ukishaikwangua hairudi, na gita la umeme la kwaya yetu hapa Nyarugusu ni moja tu. Wazee wakaniuliza, "Papa, uko na hakika?" Niko nayo. Nilitoa nyuzi, nikafunika vyuma vya shingo kwa selotepu, kisha kwa tupa ya mviringo na msasa nikachimba kati ya chuma na chuma, kama kibakuli. Nafasi nne za mwisho tu, kule solo inakopanda. La Yngwie Malmsteen limechongwa shingo nzima, lakini yeye ana magita mengine! Sasa kidole kinagusa uzi, hakigusi mbao. Ukikandamiza sana, sauti inapanda, inatoka nje ya wimbo. Kijana wetu wa solo ana mkono mzito. Jumapili ndiyo atapiga.