Gari Lenye Nguvu ni Lipi?

Mama mwenzangu, kama nyumbani kwako wapo wanaume wawili au zaidi, unajua jinsi mazungumzo ya jioni yanavyokwenda. Kwetu ni magari. Mume wangu ni dereva wa siku nyingi katika barabara hii ya Lindi, na wana wetu wawili wamerithi ugonjwa huo huo. Siku hizi wanabishana juu ya magari ya zamani ya Kimarekani, yale mapana yenye injini kubwa yaliyotamba miaka ya 1960: Pontiac GTO, Ford Mustang na ndugu zao. Zamani nilikuwa nikiondoa vyombo na kuwaacha. Kisha nikaanza kusikiliza, maana wanalobishania ni jambo ambalo sisi wauguzi wa pwani hii tunakutana nalo kazini: gari lenye nguvu ni lipi hasa?

Mwanangu mkubwa anajua tarakimu zote. GTO ya mwaka 1964, anasema, ilikuwa na injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 6.4 na nguvu za farasi 325. Peugeot 404 ya Kifaransa, ambayo wazazi wetu waliipanda kama teksi, ilikuwa na lita 1.6 tu na farasi wapatao 70. Kwa hesabu yake Mmarekani mmoja ni sawa na Wafaransa wanne na zaidi.

Baba yake humjibu kwa habari za Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1964 Wamarekani walikuja kwa kishindo na magari sita aina ya Mercury Comet, injini za silinda nane, lita 4.7. Kati ya hayo sita, yaliyofika mwisho ni mawili, moja likiwa la 18 na la pili likiwa la 21. Mshindi alikuwa Ford Cortina GT iliyotengenezwa Uingereza, injini yake lita 1.5. Na Mercury nayo ni mali ya Ford! Kwa hiyo ni ndugu wa baba mmoja, yule mdogo akampita mkubwa. Mwaka uliofuata, 1965, Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha tumika. Na hiyo Peugeot inayodharauliwa ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na la kwanza mara zote mbili lilikuwa 404.

Nilimwomba mume wangu anieleze sababu kwa lugha ya jikoni, akanieleza vizuri. Nguvu za farasi, alisema, ni kazi ambayo injini inaifanya ikiwa inazunguka kwa kasi, na barabara ya lami iliyonyooka ndiyo inayoipenda nguvu hiyo. Kwenye tope, gurudumu likipewa nguvu ghafla linazunguka pale pale na kujichimbia kaburi. Kinachotakiwa huko ni nguvu ya kuzungusha inayopatikana injini ikiwa bado inakwenda polepole. Mfikirie mama anayesonga ugali wa watu hamsini: hauzungushi mwiko haraka, lakini mwiko hausimami.

Ndiyo maana Toyota Land Cruiser tunazozitumia kubebea wagonjwa, zile zenye injini ya 1HZ, ukizitazama kwa farasi hazina sifa. Injini ni kubwa, lita 4.2, silinda sita, lakini farasi hawazidi sana 130. Mtoto wa kiume wa mjini atacheka. Lakini nguvu yake ya kuzungusha, newton-mita 285, inafika ikiwa injini inazunguka mara 2,200 tu kwa dakika. Tena ni ya dizeli, haina plagi za kutoa cheche wala kabureta, na fundi wa kijijini mwenye spana zake anaweza kuifungua na kuifunga. Landrova za zamani za dizeli zilikuwa na farasi wapatao 60 tu, nazo zilibeba wajawazito wa nchi hii kwa miaka mingi.

Niliijua maana ya maneno hayo usiku mmoja wa masika, tukimtoa mzazi katika zahanati ya ndani, upande wa milima ya Matumbi. Alikuwa amejifungua salama, lakini kondo la nyuma lilikataa kutoka na damu ikawa nyingi. Mama anayetokwa na damu namna ile anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Nilikwisha mchoma sindano ya oksitosini, dripu inaning'inia kwenye ndoano, mkono wangu mmoja uko juu ya tumbo lake. Nikamwambia dereva, mzee wa makamo, aongeze mwendo.

"Sista," akasema bila kugeuka, "nikikimbia tutalala hapa."

Akaingiza gia nzito, akaacha gari lijivute lenyewe katika lile tope jekundu, mwendo ambao mtu mwenye haraka angeweza kuushinda kwa miguu. Nilihesabu mapigo ya moyo ya yule mama, nikahesabu na vilima. Hatukusimama hata mara moja. Alifika, akashughulikiwa, na mtoto yule leo yuko darasa la nne.

Lakini katika kituo kingine nilichowahi kufanya kazi tulikuwa na gari la namna hiyo hiyo, tena jipya zaidi, lililokaa juu ya mawe miezi mitano kwa kukosa klachi. Karatasi za maombi zilikwenda na kurudi. Mjamzito mmoja aliletwa kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mama mkwe wake, uchungu wa siku ya pili. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Injini ilikuwa na farasi wake wote pale uani, chini ya mwembe.

Barabara nayo ina neno lake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tulivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na wakati wa mvua watu walilala njiani. Sasa kuna daraja la karibu mita 970 na lami mpaka Lindi, na vijana wamepata mahali pa kukimbizia magari. Nasi wodini tunawapokea, wengine wakiwa na abiria waliowaomba wapunguze mwendo. Hata hivyo Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara hiyo hapa Kilwa, Somanga pakiwa mahali pamojawapo. Magari ya kila nchi, ya Kijapani, Kichina, Kijerumani, yalipanga foleni pamoja, yenye nguvu na yasiyo na nguvu.

Nimeyaandika haya kwa sababu ubishi wa nyumbani kwetu umefika mahali pengine. Mwanangu amemaliza kidato cha nne na hataki kuendelea na cha tano. Anataka kwenda VETA Lindi kujifunza ufundi wa magari. Baba yake, ambaye ndiye aliyempandikizia mapenzi haya, anasema hakuendesha magari ya watu miaka yote hiyo ili mtoto wake alale chini ya gari. Namwelewa. Mimi nakumbuka ile klachi. Nimemwambia mume wangu kwamba nitalipa ada kutoka katika posho yangu ya zamu za usiku, na kwamba fundi anayejua kazi yake si mtu wa kuonewa huruma. Amenyamaza. Fomu iko kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo, na ameomba tumpe mpaka mwisho wa mwezi.