Pikapu ya Mjomba

Ukiingia Kariakoo ukaulizia pikapu, watu wanataka kwanza kujua unahamisha vyombo au unabeba mchanga. Kijana mmoja pale Mtaa wa Msimbazi, mkono mmoja simu, mkono mwingine chipsi mayai, alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Kirikuu ipo, bro. Mpaka Gongo la Mboto tutaelewana." Nikamwambia siyo gari, ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Akafikiri kidogo. "Ahaa, spea za gitaa!" Kisha, kwa uungwana wa watu wa Kariakoo ambao hawakubali kusema hawajui, akanielekeza duka linalouza vinanda vya watoto.

Pikapu nilikuwa nazitafutia gitaa la mjomba. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana miaka sabini na moja na bado anapiga ridhimu kwenye bendi ya wazee wenzake, kila Jumapili, kwenye baa moja huko Ilala. Tatizo ni kwamba gitaa lilikuwa limeanza kupiga mluzi. Ukiongeza sauti kidogo tu, piiii, mpaka wahudumu wanaziba masikio kwa trei. Na chini ya mluzi kulikuwa na ngurumo isiyokatika, mmmmm, kama jokofu bovu. Kiongozi wa bendi akamwambia, kwa adabu zote, apumzike kwanza mpaka gitaa lipone.

"Mpwa wangu," mjomba akaniambia, "mtu wa umri wangu akiambiwa apumzike, anajua anaambiwa nini."

Niseme kidogo pikapu ni nini, maana nami nilikuwa sijui mpaka nilipolazimika. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa kwenye ule waya, unakimbilia kwenye amplifaya, na huko ndiko unakuwa muziki. Lakini waya huo hauchagui. Unaokota na umeme wa TANESCO unaopita ukutani, ambao unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na hiyo ndiyo ngurumo. Na pikapu ikizeeka, nta iliyoshika mizunguko ikakauka na waya ukalegea, yenyewe inageuka kuwa maiki: inasikia spika, inaimba inachokisikia, spika inakikuza, pikapu inakisikia tena. Hapo ndipo mluzi unapotoka.

Dawa ya ngurumo iligunduliwa zamani. Mwaka 1955, fundi wa kampuni ya Gibson huko Marekani aitwaye Seth Lover aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, moja imegeuzwa kinyume cha nyingine, waya na sumaku pia. Ngurumo ikiingia kwa koili zote mbili inajifuta yenyewe, sauti ya nyuzi inabaki. Ni akili ya ajabu kabisa, mimi mpaka leo naifikiria nikiwa kwenye daladala. Ila koili mbili zinataka nafasi ya mbili, na huko ndiko tulikokwenda kukwama.

Pikapu zenyewe hatimaye tulizipata kwa binamu yangu, mtoto wa mjomba mwenyewe, ambaye anauza kava za simu Mtaa wa Aggrey na huenda Guangzhou kufuata mzigo. Alizileta zimefungwa katikati ya kava kama magendo. Mbili, nyeusi, zinang'aa. Nilikuwa nimempa vipimo mimi. Nilipima urefu wa shimo la gitaa, nikaona milimita 82, nikasema inatosha.

Sikupima upana wala kina. Upana wa shimo ulikuwa milimita 22, pikapu mpya ilikuwa na 38. Kina kilikuwa 14, na pikapu ilitaka kama 20, mbali na miguu. Maana pikapu za aina hii zina miguu miwili, vipande vya bati vinavyokunjwa kwenda chini, ndipo skrubu za kupandishia na kushushia zinaposhika. Niliiweka juu ya shimo pale kitandani kwa mjomba, ikakaa kama mtu mnene aliyeambiwa apande bajaji ikiwa na watu watatu tayari. Niligeuza hivi, nikageuza vile. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha kamba, anaangalia bila kusema.

"Basi tukate," akasema.

Nikasema hapana.

Hapa lazima nikiri jambo. Mimi ni mmoja wa wale watu mnaowajua, tunaoandika juu ya zilipendwa. Naweza kukuambia kwamba Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na kwamba ni mwaka huohuo gitaa la kwanza la umeme, lile la Rickenbacker lililofanana na kikaango, lilipoanza kuuzwa Marekani. Naweza kukuambia NUTA Jazz ilizaliwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park mwaka 1978. Nimeshaandika makala ya kuomboleza nyumba za Kiswahili za Kariakoo zinazovunjwa kupisha maghorofa, na nyumba niliyoitumia kama mfano ni hiyohiyo ya mjomba, Mtaa wa Mafia, ambayo ghorofa la jirani limeinyima jua tangu saa nane mchana. Gitaa lile kwangu lilikuwa kumbukumbu. Rangi yake nyekundu imechubuka pale mkono wa mjomba unapopumzikia, mbao inaonekana, laini kama kizingiti cha msikiti. Nilikuwa nimeshapanga, moyoni, ukuta nitakaolitundika. Mtu kumkatia urithi wake kabla hajafa mwenye mali, ndivyo nilivyojisikia, na sioni fahari kulisema.

Nikamwambia mjomba kuna pikapu nyingine, za koili mbili nyembamba, zinazoingia kwenye shimo la moja. Binamu akirudi China atazileta. Miezi miwili tu.

Mjomba akaniuliza, "Wewe unajua nilipiga kwa watu miaka mingapi?"

Nilijua. Kumi na minane, kuanzia 1973, kwenye bendi ya shirika moja la umma ambalo sitalitaja. Nilichokuwa sijui ni habari ya vyombo. Watu wengi wanaosikiliza zile nyimbo redioni hawajui kwamba wapigaji wengi wa bendi za mashirika hawakuwa na gitaa hata moja. Mali ilikuwa ya mwajiri. Ukifika kazini unakabidhiwa, ukimaliza unarudisha stoo, unaweka saini. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako. Ndiyo maana wapigaji walivyokuwa wakinyang'anywa na bendi hasimu, lililokuwa likiulizwa kwanza ni mshahara, la pili ni vyombo: wamenunua vipya? Na miaka ile ya themanini mwanzoni, fedha za kigeni hakuna, ukiwa na seti ya nyuzi mpya ulikuwa tajiri.

"Nilikuwa na gitaa zuri, linavuma kama hili," mjomba akasema. "Nikamwambia meneja, nipe ruhusa nilifungue, nijaribu kuligeuza waya. Akaniandikia barua. Barua! Kwamba nimeonywa kuhusu kuharibu mali ya umma. Nikakaa na ile ngurumo miaka sita."

Mwaka 1991 alipoacha kazi, kiinua mgongo chake chote alikipeleka kwa baharia mmoja bandarini akatoka na hili jekundu. Shangazi alikaa wiki mbili hasemi naye. Wanaolikumbuka gitaa lile nyumbani hawaanzii na muziki, wanaanzia na ile bati ya kuezekea ambayo haikununuliwa mwaka ule.

"Hili ni langu," akasema. "Kata."

Kesho yake tukachukua bodaboda mbili hadi Keko, kwa mafundi wa samani. Fundi aliyekubali alikuwa kijana anayetengeneza vitanda vya sita kwa sita, na alipoona gitaa alicheka, lakini alilipokea kwa mikono miwili. Mashine yao ya kuchimbia nakshi akasema ni kubwa mno, itararua. Akachukua drili, akaizungushia ncha yake utepe kwenye milimita 20, ili ule utepe ukigusa mbao ajue amefika. Unene wote wa gitaa ulikuwa 38. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu kwenye miguu ya pikapu ilibidi ashuke mpaka 27, na chini yake ingebaki mbao ya kidole kimoja. Jingine: kati ya shimo la mbele na mahali shingo ya gitaa inapoingia palikuwa na ukuta wa milimita sita tu. Ukiula ule ukuta, nyuzi zitaivuta shingo mpaka iinuke. Kwa hiyo akapanua upande mmoja tu, wa kwenda mkiani. Alikuwa hajawahi kushika gitaa maishani, lakini hilo aliliona mwenyewe kabla hatujamwambia. "Huku kuna mzigo," alisema, akapiga mstari wa penseli.

Matobo mengi kwanza, yamepangwa kama sega la nyuki, halafu patasi. Pigo la tatu au la nne akasimama, akapuliza vumbi, akaniita.

"Kaka, njoo uone. Hii plaiwudi."

Nikainama. Kweli. Tabaka juu ya tabaka, nyeupe na kahawia, kama keki. Mimi niliyekuwa nikiandika habari za mbao iliyokomaa kwa miaka na kunywa sauti za mji. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Alijua siku zote. "Ulidhani baharia atauza kitu kizuri?" akauliza. Fundi akaendelea, sasa taratibu zaidi, maana plaiwudi ikikasirika inabanduka. Mara moja patasi iliteleza, ikala milimita tatu nje ya mstari, juu, pale panapoonekana. Akaomba radhi. Mjomba akamwambia andelea baba, lile siyo jeneza.

Pikapu ikaingia. Ikaingia kwa kubanwa kidogo, na sauti ndogo, tk, kama kofia ya chupa.

Kazi ya umeme tuliifanya kwa fundi redio, Mtaa wa Narung'ombe, kwenye kibanda ambacho wateja wawili wakisimama wa tatu yuko barabarani. Kishimo cha kupitishia nyaya kutoka pikapu moja hadi nyingine kilikuwa chembamba, na nyaya mpya ni nene, zimevishwa ngao ya bati. Tulihangaika nusu saa mpaka fundi akatoa spoku ya baiskeli, akazifunga nyaya kwenye ncha yake, akazivuta upande wa pili. Volyumu za zamani alizing'oa, akaweka za kilo-omu 500 alizotoa kwenye droo ya spea za amplifaya. Zilikuwa na herufi B. Alisema hazina tofauti. Zina tofauti, na mjomba aliigundua kwa kidole kidogo: ukipunguza kutoka kumi mpaka tatu husikii kitu, halafu ghafla sauti inakatika. Yeye kile kidole ndicho kinachomwongoza kutoka kwenye kuimbiwa mpaka kwenye chemko, lazima volyumu ishuke kama ngazi. Fundi akarudi kwenye droo, akachambua, akapata zenye A.

Tukajaribu. Pikapu ya mbele, safi. Ya nyuma, safi, kali. Zote mbili pamoja, sauti ikawa nyembamba, ya puani, kama mtu anayeongea na mafua. Mimi nikadhani tumeunguza kitu. Fundi akachukua mita. Kabla hajaigusisha popote, mjomba akasema, "Hizi zimepeana mgongo. Moja inasukuma, nyingine inavuta." Bahati kila pikapu ilikuja na nyaya mbili na ngao pembeni, kwa hiyo ilikuwa kazi ya kugeuza mbili za pikapu moja, moshi kidogo wa risasi, basi. Alipopiga tena sikusikia ngurumo. Nilisikia magari ya Narung'ombe, muuza kahawa anagonganisha vikombe, mtu anatangaza punguzo la mashuka, na kati yao gitaa.

Pikapu za zamani fundi alitaka kuzitupa. Mjomba akazichukua, akazifunga kwenye gazeti, akanipa. "Haya. Makumbusho yako haya."

Jumapili nilikwenda Ilala mapema. Lile kosa la milimita tatu alikuwa amelifunika kwa kipande cha plastiki alichokata kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi, na herufi mbili za kampuni bado zinasomeka. Nilimwambia naweza kumtafutia kipande kizuri. Hakunijibu, alikuwa anatyuni. Kwenye wimbo wa pili kiongozi wa bendi aligeuka kumtazama, akarudi kwenye maiki. Kwenye wa nne alimpa ishara aongeze sauti, na mjomba akaongeza mpaka mwisho, na hakuna kilichopiga mluzi.

Jumatatu asubuhi akanipigia simu. Nilidhani anataka kunishukuru.

"Mpwa wangu," akasema, "yule kijana wa Keko, unafikiri ana randa ndogo? Shingo hii tangu 1991 naiona nene."