Mstari Mmoja wa John Nagenda

John Nagenda aliichezea Afrika Mashariki mechi moja tu ya Kombe la Dunia la kriketi. Ilikuwa tarehe 7 Juni 1975, katika uwanja wa Edgbaston, Birmingham, siku ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo. Alikuwa mrushaji kutoka Uganda, na umri wake ulikuwa miaka 37. Takwimu zake za Kombe la Dunia zinaenea kwenye mstari mmoja: mechi 1, ova 9, mikimbio 50, wiketi 1.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ova moja ni mipira sita. Katika ova zake tisa, wapigaji wa New Zealand walivuna mikimbio 50, naye akamtoa mmoja wao, ndiyo ile wiketi 1. Siku hiyo Glenn Turner peke yake alipata mikimbio 171 na hakuna aliyeweza kumtoa. Timu yetu nzima iliishia 128, tukafungwa kwa tofauti ya mikimbio 181. Nasema timu yetu kwa kuwa iliundwa na wachezaji wa Kenya, Uganda, Zambia na Tanzania. Sisi Watanzania tulitoa Praful Mehta na Shiraz Sumar. Baada ya hapo timu hiyo ikafungwa na India, kisha na Uingereza, ikarudi nyumbani bila ushindi hata mmoja.

Siku hiyohiyo, kule London, Sunil Gavaskar wa India alisimama na gongo lake ova zote 60 akapata mikimbio 36 tu, huku timu yake ikihitaji zaidi ya 330. Ilikuwa siku mbaya kuliko ya Nagenda, na watu walikasirika. Lakini Gavaskar aliendelea kucheza miaka mingi, na mwaka 1987 akawa mtu wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 10,000 katika mechi za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa. Zile 36 zimezama ndani ya maelfu hayo. Nagenda hakuwa na maelfu ya kuzificha 50 zake. Aliyepewa siku moja huhukumiwa kwa siku hiyo, na aliyepewa siku nyingi husamehewa. Hili ndilo linaloniuma kila ninapousoma mstari ule.

Tena mtu mwenyewe alikuwa mkubwa kuliko mstari wake. Alikuwa mwandishi; riwaya yake, The Seasons of Thomas Tebo, ilitoka mwaka 1986. Mwaka huohuo aliingia katika tume iliyochunguza ukatili waliotendewa Waganda chini ya tawala zilizotangulia. Kwa miaka mingi aliandika safu katika gazeti la New Vision, akawa mshauri wa Rais Museveni, na wapo waliompenda na waliomchukia kwa kalamu yake. Alifariki Machi 2023. Hakuna hata kimoja cha hayo unachoweza kukisoma kwenye ova 9 na wiketi 1.

Hapa Simbo, mkoani Kigoma, tunahukumiana vivyo hivyo, na hatuna hata ubao wa matokeo wa kusingizia. Kijana akipata ziro kidato cha nne, anaitwa ziro mpaka aoe. Aliyekosa penalti fainali ya kata, watoto waliozaliwa baadaye wanamjua kwa penalti ile, ingawa hawakumwona akicheza. Mama aliyepata hasara msimu mmoja wa mawese anaambiwa biashara haimfai, na hakuna anayeuliza misimu iliyotangulia ilikuwaje. Tunaokota mstari mmoja katika maisha ya mtu na kuufanya kuwa kitabu kizima.

Hata hivyo, ninapomfikiria Nagenda namwonea pia wivu, kwa niaba ya watu wetu. Yeye angalau aliandikwa. Mtu alikaa pembeni na kalamu, akahesabu kila mpira, na nusu karne baadaye mimi huku Kigoma najua alichokifanya. Tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga zilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika Uwanja wa Lake Tanganyika, mjini Kigoma, na Mganda mwingine, Taddeo Lwanga, akafunga bao pekee. Bao hilo halitapotea. Tangu Mashujaa, timu ya Kigoma, ipande Ligi Kuu mwaka 2023, kijana wa Kigoma anayefika huko naye anahesabiwa. Lakini ni wangapi wanaofika? Wazee wa hapa wakimzungumzia golikipa wao wa zamani, mmoja anasema alidaka penalti tatu siku moja, mwingine anasema tano, wa tatu anasema hiyo ilikuwa mechi nyingine kabisa. Wakiondoka wazee hao, golikipa naye atakuwa ameondoka mara ya pili.

Ndugu zangu mnaosimamia ligi za kata na mechi za ndondo, kuanzia Simbo hadi Ujiji: nunueni daftari kubwa. Andikeni tarehe, majina kamili ya wachezaji wote, waliofunga, waliodaka na waliotolewa. Waandikeni na wale walioingia dakika ya 88. Kisha lihifadhini daftari hilo ofisi ya kata au shuleni, lisiwe nyumbani kwa mtu mmoja.