Chakula cha Msafiri Njia ya Moa

Twataka kuwapa habari ya njia ya Tanga kwenda Moa, kwa ajili ya jamaa wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Moa ni kijiji cha wavuvi wilayani Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Basi mtu aweza kudhani kwamba huko atashinda na njaa. Sivyo. Pwani yetu ina wali wa nazi, mbaazi za nazi, muhogo na mchicha.

Lakini msafiri na aangalie maneno yake. Akisema, "Sili nyama," huenda akaletewa samaki, maana kwa wengi samaki si nyama. Akiomba "mboga," huenda akapewa dagaa, kwa kuwa wengine huita kila kitoweo mboga. Na ataje vitu kimoja kimoja, tena aulize kama chapati zina samli. Na aulize kabla ya chakula kupakuliwa. Kwani kukataa sahani iliyokwisha kuandaliwa humhuzunisha mpishi, bali kuuliza mapema ni adabu. Hivyo mgeni atashiba, na mwenyeji hataona haya.