Dawati limejificha konsoli ya ngapi?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo nina kisa cha Londiani, tena kosa ni langu mwenyewe.

Binamu yangu ana saiba ndogo pale mjini. Ijumaa saa kumi jioni akanipigia simu, sauti inatetemeka: "Kaka, kompyuta imekufa na barua za watu ziko ndani!" Alikuwa amechapa barua saba za kuomba kazi, mwisho wa kuzituma ni saa kumi na moja, na hakuwa amehifadhi hata moja. (Nimemwambia mara mia!) Skrini ni nyeusi, kijistari kinapepesa tu juu. Kidole tayari kiko kwenye swichi.

"Usizime! Umebonyeza nini?"

"Skrini ilikwama, nikafanya vile uliandika kwenye karatasi. Ctrl+Alt+F7."

Lo! Karatasi ile niliibandika miaka mingi iliyopita. Enzi hizo Linux ilifungua konsoli sita za maandishi, tty1 hadi tty6, kwa hiyo dawati lenye madirisha na panya lilichukua iliyofuata, ya saba. Ukipotea, F7 inakurudisha nyumbani. Lakini mwaka jana nilimwekea Debian mpya yenye GDM. Hii huweka ukurasa wa kuingilia kwenye tty1, na ukishaingia, dawati lako hupewa konsoli ya kwanza iliyo wazi, kwa kawaida tty2. Kwenye ya saba hakuna kitu, ndiyo maana giza. Karatasi sikuibadilisha.

Nikamwambia kwa kujiamini, "F2."

"Inaandika login, inataka jina."

Hapo jasho likanitoka. "Basi jaribu F3." Kimya. Halafu nikasikia kicheko. Barua zote saba zipo!

Mbona ya tatu? Kumbe asubuhi, kabla hajaingia, mtoto wake alichezea kibodi akaita F2. Siku hizi systemd huanzisha konsoli ya maandishi pale tu inapoitwa, na ikishaanza inashikilia nafasi yake. Dawati likaruka hadi tty3.

Ukitaka kujua lako liko wapi, ukiwa ndani ya dawati fungua terminali uandike:

loginctl

Usome safu ya TTY. Ukiwa umeshapotea, ingia kwenye konsoli yoyote ya maandishi uandike amri hiyohiyo.

Karatasi mpya inasema: "Jaribu F2, F3, F4. USIZIME." Barua ziliondoka saa kumi na moja kasorobo. Majibu bado tunangoja.