Mahadhi Yaleyale kwa Kila Ubeti

Ihanja, Jumamosi, 8 Juni 2024

Mazoezi ya kwaya yameahirishwa, watu wako kwenye alizeti. Jioni nimesikiliza Erlkönig ya Schubert, tena na tena. Aliitunga Vienna mwaka 1815, akiwa kijana wa miaka 18. Shairi ni la Goethe: baba anakimbiza farasi usiku, amempakata mwanawe mgonjwa, na mtoto anaona zimwi ambalo baba halioni. Mwimbaji mmoja anakuwa msimulizi, baba, mtoto na zimwi. Kila mara mtoto anapomlilia baba yake, sauti inapanda kuliko mara iliyotangulia. Piano ndiyo kwato za farasi, mfululizo, hadi inanyamaza tu kabla hatujaambiwa kwamba mtoto amekufa.

Goethe mwenyewe hakupenda mahadhi yabadilike hivyo; alipenda yaleyale yarudiwe kwa kila ubeti, kama alivyotunga rafiki yake Zelter. Mwaka 1816 marafiki wa Schubert walimpelekea Goethe nyimbo zilizotungwa kwa mashairi yake, Erlkönig ikiwemo. Alizirudisha bila neno. Naona mzee alikosea, ingawa ushairi ulikuwa wake.

Jumapili, 9 Juni

Leo ibadani nimefuatilia silabi. Nyimbo nyingi za Mwimbieni Bwana, kitabu chetu cha nyimbo za Kilutheri, zina asili ya Kijerumani, na mistari mingi ya lugha hiyo huishia kwenye silabi yenye mkazo, kama Gott. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tukiweka “Mungu” mahali hapo, “Mu” inapita haraka na “ngu” inavutwa na sauti zote nne. Tumelelewa na kasoro hiyo, hatuisikii tena. Kinyaturu, lugha yetu ya hapa, kingeumia zaidi, maana ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana. Na ubeti wa kaburi unaimbwa sawasawa na ubeti wa ufufuo!

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, miongoni mwa walioleta nyimbo hizo, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Katika mji huohuo wa Leipzig, Schumann alitunga nyimbo zaidi ya mia moja mwaka 1840 pekee, piano ikimalizia yale ambayo mwimbaji hakuyasema. Mwaka 1888 Hugo Wolf, katika nyimbo za mashairi ya Mörike, alikuwa anafuata usemi wa mshairi karibu neno kwa neno. Kwa hiyo watunzi wa lugha ya Kijerumani walikwisha kulegeza kamba ya mahadhi yaleyale kwao. Siwalaumu wamisionari, wimbo wa usharika lazima watu wengi waushike kwa pamoja, na mahadhi yanayorudi husaidia. Lakini wimbo wa kwaya haufungwi na sharti hilo, na kwaya zetu bado zinajifunga.

Alhamisi, 13 Juni

Ala nazo zilijifunza kuimba katika karne ile ya 19. Mendelssohn aliandika vipande vya piano akaviita Nyimbo Bila Maneno. Kanisani huko Ujerumani, Johannes Kuhlo aliwafundisha wapiga tarumbeta kusoma noti zilezile za waimbaji na kutafuta mlio wa sauti ya binadamu. Ndiyo maana tarumbeta za Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), zilizorithi mtindo huo, zikipigwa vizuri, maneno yanasikika ndani yake.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemkumbuka Howard Olson, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1964 uchambuzi wa sauti na maumbo ya Kirimi, yaani Kinyaturu chetu. Alifundisha katika chuo cha theolojia cha Makumira na kukusanya nyimbo zenye mahadhi ya Kiafrika katika Tumshangilieni Mungu. Huko Makumira, mwaka 1966, Bernard Kyamanywa aliandika maneno ya Mfurahini, Haleluya kwa mahadhi ya Kihaya, na leo wimbo huo unaimbwa hata Ulaya.

Wimbo wa mavuno tutakaoutunga tutauanza na maneno. Mama mmoja wa kwaya, ambaye Kinyaturu chake hakijachuja, atayasema kwanza, nami nitaandika noti nikifuata anavyopandisha na kushusha. Kila ubeti upate mahadhi yake ukihitaji. Sauti nne za Kijerumani tuzibakize, ni mali yetu sasa; kutunga mahadhi kabla ya maneno ndiko tukuache.